Ukienda Malta kutoka Pemba

Mimi mtu wa Wete, na Malta nimeipenda sana. Nchi nzima ni kilomita za mraba 316. Pemba yetu inaimeza mara tatu.

Anza na viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Peleka maombi mapema, miezi mitatu kabla, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Adapta usinunue: soketi zao ni za matundu matatu kama zetu.

Kimalta kina asili ya Kiarabu, kwa hiyo tega sikio. Muuza tungule aliponiambia "sitta" nilimhesabia sarafu sita papo hapo. Bahari wanaiita baħar.

Jumapili asubuhi nenda Marsaxlokk, kwenye soko la samaki. Sogelea mashua zao, luzzu: rangi ya bluu, manjano na nyekundu, na kwenye omo macho mawili ya kuchonga yanayokutazama. Nilisimama pale hadi jua likawa kali.

Pastizzi, vitafunwa vyao vya unga vyenye kujazwa ndani, zinanukia vizuri, lakini uliza kwanza kama zimetiwa mafuta ya nguruwe.

Kivuko cha kwenda Gozo, kisiwa chao cha pili, hutoka Ċirkewwa, dakika 25 hivi. Nauli utalipa wakati wa kurudi.