Kabla Feni Haijawashwa: Kuzuia Wadudu Katika Njia za Hewa za Chumba cha Miche Malindi

Anayetaka kukuza miche ya nyanya, pilipili hoho au mboga za majani ndani ya chumba hapa Malindi kwa kawaida huanza kwa kufikiria taa, mbegu na maji, na suala la hewa hulikumbuka mwisho, wakati chumba kimeshashika joto na majani yameanza kulegea. Hapo huitwa fundi, ukuta ukatobolewa, kipande cha chandarua kikapigiliwa juu ya tundu, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Nami nilifanya vivyo hivyo katika chumba changu cha kwanza, na baada ya wiki tatu nilikuta inzi weupe chini ya majani ya karibu kila mche, ilhali chandarua kilikuwa kizima, hakijachanika popote. Nilikuwa nimeweka kizuizi cha mbu mahali palipohitaji kizuizi cha mdudu mdogo zaidi mara kadhaa.

Jambo la kwanza la kuzingatia, basi, ni kumjua mdudu unayemzuia na upana wa tundu analoweza kupenya. Matundu ya chandarua cha kawaida cha mbu yana upana wa milimita 1.2 hadi 1.5 hivi. Nondo wa kantangaze, aliyeingia Kenya mwaka 2014 na kuwatia hasara wakulima wengi wa nyanya, ana mwili mkubwa kiasi kwamba wavu wa aina hiyo humzuia kwa sehemu kubwa. Vidukari wadogo huhitaji wavu ambao tundu lake halizidi theluthi moja ya milimita. Inzi mweupe huhitaji karibu robo ya milimita. Na vithiripi, ambao ni wembamba kama uzi, huzuiwa tu na tundu lisilofika moja ya tano ya milimita. Kwa miche ya nyanya, mimi humhofia inzi mweupe kuliko wote, kwa sababu hubeba virusi vinavyokunja majani na kuyageuza manjano, na mche ulioambukizwa ungali mdogo hudumaa na karibu hauzai kitu. Tena hawahitaji kuwa wengi: mmoja aliyekwisha kufyonza mmea mgonjwa huko shambani anaweza kuhama mche hadi mche akiambukiza kila anapotua.

Usinunue wavu kwa jina lake dukani. Uweke juu ya rula yenye alama za milimita, upige picha kwa simu ukiwa umeikaribia, kisha uikuze picha na kuhesabu matundu yaliyomo ndani ya sentimita moja, ukikumbuka kwamba uzi wenyewe nao unachukua nafasi. Nyavu nyingi za wadudu zina tundu la mstatili, na kipimo kinachohusika ni ule upande mwembamba, kwa kuwa urefu hausaidii mdudu ambaye upana umemkwamisha.

Hapa ndipo penye uzito wa suala lote, na ningeomba msomaji asipapite haraka. Kadiri wavu unavyokuwa wa matundu madogo, ndivyo sehemu yake kubwa inavyokuwa uzi badala ya uwazi, na ndivyo hewa inavyopita kwa shida. Mtu akifunika tundu la sentimita 40 kwa 40 kwa wavu wa inzi weupe uliolala bapa juu ya tundu hilo, feni itavuma kwa sauti ileile lakini hewa itakayoingia itakuwa pungufu sana, joto litapanda, na siku ya tatu mfanyakazi atafungua mlango ili miche ipumue. Mlango huo uliofunguliwa utaingiza wadudu wengi kuliko ambavyo wavu ungezuia kwa mwezi mzima. Dawa yake ni kuongeza eneo la wavu bila kuongeza ukubwa wa tundu. Mwambie fundi aunde kisanduku cha fremu kinachochomoza nje ya ukuta kwa sentimita 20, kisha uso wake wa mbele na pande zote nne zifunikwe wavu. Uso wa mbele una sentimita za mraba 1,600, na kila upande una 800; jumla yake ni 4,800, yaani mara tatu ya tundu lenyewe, kwa gharama ya mbao chache na mita moja au mbili za wavu. Kwa wavu wa vithiripi ningechomoza kisanduku zaidi ya hapo, na kwa kweli simshauri mtu kuuweka wavu huo kama hakuzi pilipili au hajawahi kusumbuliwa na vithiripi, kwa sababu usumbufu wake ni mkubwa na huziba kwa vumbi upesi.

Feni nayo ichaguliwe baada ya hesabu hiyo. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 30. Ukitaka hewa yake ibadilike mara moja kila dakika mbili, unahitaji mita za ujazo 900 kwa saa, na kwa kuwa namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni hupimwa bila kizuizi mbele yake, ni busara kuchukua feni yenye nguvu kupita hapo.

Linalofuata ni upande ambao feni inasukumia hewa. Wengi hufunga feni ya kutoa hewa nje, na katika chumba cha kawaida hilo halina ubaya. Lakini feni ikitoa hewa, chumba hubaki na upungufu, na hewa ya nje hujazia pengo hilo kwa kupitia kila upenyo itakaoukuta: chini ya mlango, pembeni mwa waya wa umeme, kati ya ukuta wa mawe ya matumbawe na fremu ya dirisha. Hapo feni yako mwenyewe inakuwa inawavuta wadudu ndani kupitia mahali pasipo na wavu. Ikigeuzwa ikasukuma hewa kuingia ndani kupitia kisanduku cha wavu, chumba hufurika hewa, na kila upenyo huwa mahali pa kutokea. Mdudu anayejaribu kuingia hukutana na upepo unaomrudisha. Katika nyumba zetu za zamani, ambazo kuta zake haziachi kuwa na nyufa hata zikipigwa lipu upya, nauona mpangilio huu wa pili kuwa bora sana.

Hata hivyo nyufa zitafutwe na kuzibwa kabla ya mche wa kwanza kuingia, kwa sababu umeme ukikatika ulinzi wa upepo unakatika nao. Njia nyepesi ya kuzitafuta imo katika nyumba nyingi za pwani: weka kaa la moto kwenye chetezo, utie ubani, washa feni na ufunge mlango, kisha upitishe chetezo taratibu kandokando ya kuta, dari na fremu. Moshi utakapopinda na kuvutwa, hapo pana upenyo. Rudia usiku kwa njia nyingine, mtu mmoja akiwa ndani na taa zote zimewashwa na mwingine nje gizani akitazama mwanga unapochomoza. Nyufa za ukuta zizibwe kwa simiti au chokaa, zile za fremu na waya kwa silikoni, na mlango uvalishwe ukanda wa sifongo chini na pembeni. Kama paa ni la makuti pasipo dari, usijisumbue na wavu wa dirishani mpaka dari iwepo, kwa sababu makuti hayazibiki.

Tundu la kutolea hewa lisisahauliwe kwa hoja kwamba hewa inatoka. Inatoka muda ambao feni inazunguka. Umeme ukipotea saa nne za usiku, tundu hilo linakuwa dirisha lililo wazi mpaka asubuhi. Liwekewe kifuniko chepesi kinachoning'inia, ambacho hewa hukisukuma kikafunguka na uzito wake hukifunga hewa ikikoma, na nyuma yake uwepo wavu vilevile.

Kuna wanaowasha taa za miche usiku ili kukwepa joto la mchana, na kwa hali ya hewa yetu wana sababu. Lakini mwanga unaovuja katika njia ya hewa huwaita wadudu kutoka mbali, na mvua za masika zikianza, kumbikumbi wanaweza kuufunika wavu wote kwa usiku mmoja hata feni ikakosa hewa. Njia ya hewa iwe na kona angalau moja na ipakwe rangi nyeusi ndani, ili hewa ipite na mwanga usipite.

Mahali pa kuweka kisanduku pafikiriwe pamoja na pepo zetu. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari iko mashariki, na mashamba kwa sehemu kubwa yako magharibi. Hewa itokayo baharini hubeba wadudu wachache kuliko ile iliyopita juu ya mabiringani, mihogo na magugu, kwa hiyo ningechagua ukuta wa mashariki panapowezekana, na chini ya kisanduku ningefyeka magugu kwa umbali wa mita 3 au zaidi. Mpapai wenye vidung'ata, wale wadudu wa unga mweupe, usiachwe karibu, kwani watoto wao wachanga ni wadogo kiasi cha kupeperushwa na upepo.

Uchaguzi huo una gharama yake, nayo ni chumvi. Wavu wa chuma cha kawaida unaoelekea baharini huliwa na kutu, na tundu moja lililolika linatosha kuufanya mzima uwe bure. Tumia wavu wa nailoni au wa chuma kisichoshika kutu, na skrubu ziwe za aina hiyohiyo. Vumbi likichanganyika na chumvi hushika kwenye nyuzi na kuziba matundu, hivyo fremu ifungwe kwa namna ya kufunguliwa upesi, ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kutoka upande wa ndani kwenda nje kila baada ya wiki mbili, na iwepo fremu ya pili iliyo tayari, ili tundu lisikae wazi wakati ya kwanza inakauka.

Kuhusu panya na shomoro, wavu mgumu wa waya wenye matundu yasiyozidi milimita 6 uwekwe mbele ya ule laini, nao watabaki nje. Mjusi kafiri mdogo anaweza kujipenyeza humo, lakini wavu laini ulio nyuma utamzuia.

Mlango wa kuingilia ni njia ya hewa pia, kila unapofunguliwa. Palipo na nafasi, uwekwe ukumbi mdogo wenye milango miwili, wa pili usifunguliwe kabla ya wa kwanza kufungwa. Anayehudumia miche aingie asubuhi kabla hajakanyaga shamba, na asivae nguo ya manjano, rangi inayowavuta inzi weupe na vidukari.

Yote hayo yakiwa tayari, chumba kiendeshwe kitupu kwa siku kumi, bila mmea wowote, feni ikifanya kazi kama kawaida. Inzi weupe waliokuwa wamejificha ndani hawatapata chakula na watakufa. Tundika karatasi za manjano zinazonata, moja mbele ya tundu la kuingizia hewa, moja karibu na mlango na moja katikati, na ya buluu pia ikiwa vithiripi vinakuhusu. Zibadilishe siku ya saba, uandike tarehe nyuma ya kila moja. Zile mpya zikikutwa na wadudu siku ya kumi, karatasi yenye wengi zaidi ndiyo itakayokuonyesha pa kurudi na chetezo, na miche isubiri nje mpaka pazibwe.