Kabla ya kutoka Dodoma kwenda Kolo, Kongwa na mashamba ya zabibu

Mtu aliyehamia Dodoma kikazi anaweza kukaa miaka akijua njia ya ofisini, soko la Majengo na stendi ya Nanenane tu, asijue kilichopo nje ya mji. Kaskazini kuna michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mashariki kuna Kongwa. Ukishika barabara ya Iringa unapita Bihawana na Mpunguzi, kwenye zabibu, na ukizidi kwenda unafika bwawa la Mtera. Na tangu treni ya SGR ianze kufikisha abiria Dodoma mwaka 2024, hata mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuja Ijumaa na kurudi Jumapili. Matembezi haya hufana au huharibika kabla hujawasha gari, kwa hiyo maandalizi yake yanastahili kuzungumzwa kwa kirefu.

Anza na kalenda. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua yenyewe si nyingi, kama milimita 600 kwa mwaka, lakini hunyesha kwa kishindo na ardhi haiwahi kuinywa yote. Makorongo ya mchanga ambayo kwa miezi mingi watu huyavuka kwa miguu hujaa ghafla. Korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kukuzuia jioni kwa mvua iliyonyesha milimani, mahali ambapo wewe hukuona hata wingu. Ukikuta maji yanakwenda kasi, simama na usubiri yapungue, hata kama dereva wa nyuma yako anapiga honi. Kwa anayetaka kupanda vilima na kutembea sana, Juni hadi Agosti ndiyo miezi ninayoipendekeza: njia ni kavu, nyasi zimelala na nyoka unamwona mapema. Beba koti, maana baridi ya alfajiri na upepo wa miezi hiyo huwashtua watu wa Pwani. Oktoba na Novemba jua ni kali mno. Anayependa kijani aje Februari, akubali na matope.

Kolo ndiko kunakodai maandalizi zaidi. Kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa ni kama kilometa 160 za lami, kwenye barabara kuu iendayo Babati na Arusha, na kijiji cha Kolo kiko mbele kidogo ya Kondoa. Usipitilize moja kwa moja kwenda mlimani. Kijijini kuna ofisi ya mambo ya kale, na hapo ndipo unapoandikishwa, unapolipia na kupewa mwongozaji. Malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa kontroo namba, hivyo weka salio kwenye simu kabla ya kutoka mjini. Kutoka kijijini hadi chini ya kilima ni njia ya vumbi inayotaka gari la juu au bodaboda, na kipande cha mwisho ni cha kupanda kwa miguu. Kama mnaongozana na mzee au mtoto mdogo, mwambieni mwongozaji mapema ili awachagulie miamba ambayo kupanda kwake ni kwepesi.

Mapango yenye michoro ni zaidi ya 150, yametawanyika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na hakuna anayeyamaliza kwa siku moja. Chagua machache uyatazame kwa utulivu. Michoro myekundu ndiyo inayohusishwa na wawindaji wa kale: watu warefu wembamba, twiga, pofu, tembo. Myeupe kwa kawaida ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, akatumia miezi akichora mwamba mmoja baada ya mwingine, na hiyo peke yake ingetosha kumfanya mgeni wa saa mbili apunguze haraka. Kaa chini na uyape macho muda, kwa sababu maumbo hujitokeza taratibu na mengine hayaonekani mpaka uonyeshwe.

Rangi hii haina kinga. Usiiguse, usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, usiegemee ukuta, usichome moto chini ya mwamba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda sehemu hizi, lakini mlinzi hawezi kusimama kwenye kila pango. Tayari kuna watu waliochimba chini ya miamba wakiamini Wajerumani waliacha mali, wakaharibu udongo ambao wataalamu wangeusoma. Ukisikia hadithi hiyo, usiipeleke mbele.

Jambo jingine la Kolo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba baadhi ya mapango bado ni mahali pa ibada. Watu hupanda kuombea mvua na afya, na pale Mungomi wa Kolo tambiko hufanyika hadi leo. Ukikuta watu wako kwenye shughuli, rudi chini au kaa mbali mpaka mwongozaji akuite, na simu ikae mfukoni. Ukikuta masalia ya sadaka, yaache yalivyo. Warangi, wenyeji wa Kondoa, wengi wao pia ni Waislamu, hivyo vaa mavazi ya heshima, na usipange kufika ofisini au kutafuta chakula Ijumaa mchana wakati wa sala. Mwezi wa Ramadhani bebeni chakula chenu na mkile faragha.

Kwa mashamba ya zabibu mambo ni mepesi zaidi, ila yapo ya kujua. Mashamba ya Bihawana yana historia ya misheni ya Kikatoliki, na ukitaka kuona namna mizabibu ilivyozoeshwa nchi kame, hapo na kituo cha utafiti cha Makutupora ndipo pa kuanzia. Vyote viwili ni sehemu za kazi. Piga simu au tuma mtu siku kadhaa kabla, useme mko wangapi na mnataka kuona nini. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, takriban Februari hadi Aprili na tena Agosti hadi Septemba. Ukija kati ya misimu hiyo utakuta mizabibu imepogolewa, na watoto watasikitika. Usichume bila kuruhusiwa, na hata ukiruhusiwa usile papo hapo: mizabibu hupuliziwa dawa ya ukungu, kwa hiyo uliza ilipuliziwa lini na uoshe kwa maji safi. Nunua kwa mkulima mwenyewe. Kilo chache kwake ni fedha ya maana. Makutupora kuna kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) pia, basi usipige picha ovyo upande huo.

Kongwa ni safari fupi, unaingilia Mbande kutoka barabara ya Morogoro. Hapo Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951. Mibuyu ilizishinda mashine zao, mvua ikawatoroka, na udongo ukakauka hata karanga zikashindwa kung'oka. Kuanzia mwaka 1964 palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Soma kidogo kabla ya kwenda, kwani kwa macho matupu utaona tambarare na mibuyu tu. Ripoti kwanza ofisi ya halmashauri ili upate mtu wa kukuonyesha.

Maji ya kunywa yabebeni kutoka mjini, lita tatu au nne kwa kila mtu kwa siku ya kutembea. Hewa ya Dodoma ni kavu, jasho hukauka kabla hujalihisi, na kiu huja ikiwa umeshachelewa. Visima vingi vya vijijini vina maji ya chumvi, na wenyeji wenyewe huyapata kwa shida. Si vizuri kundi la watu kumi kufika na madumu matupu. Viatu viwe vya kufunika vidole, vyenye soli ngumu, kwa sababu miiba ya mgunga hupenya kandambili. Usitie mkono kwenye ufa wa mwamba. Kwenye mapango na mibuyu mikubwa yenye matundu sikiliza kwanza: nyuki hukaa humo, na manukato makali au kelele vinaweza kuwachokoza. Ukienda kwenye bwawa la Hombolo au la Mtera, tazama maji ukiwa nchi kavu. Maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho, na Mtera kuna mamba na viboko.

Popote utakaposimama vijijini, salimia kabla ya kuuliza njia. "Shikamoo mzee" yako, au "mbukwenyi" ukiwa kwa Wagogo, inafungua milango ambayo fedha haifungui. Mkitaka kulala au kupanda kilima kisicho na ofisi, pitieni kwa mtendaji wa kijiji. Yeye ndiye atakayejua mmekwenda wapi mkichelewa. Bebeni noti ndogondogo, dawa zenu, na simu iliyojaa chaji, ingawa kwenye vilima vya Kondoa mtandao hukatika. Mwachieni mtu wa mjini jina la kijiji, jina la mwongozaji na saa mnayotarajia kurudi.

Hiyo saa ya kurudi ihesabuni kutoka mwisho. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, na muda huohuo ng'ombe na mbuzi wanarudi zizini wakikatiza barabara. Kwa anayetoka Kolo, kuanza kushuka kilimani saa nane mchana kunampa nafasi ya kula Kondoa, kupumzika, na kufika Dodoma kabla ya giza.