Maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni: huenda ni kongosho

Huku Kisumu mtu akiumwa na tumbo hapa juu chini ya mbavu, moja kwa moja anaambiwa ni alsa (vidonda vya tumbo), anameza dawa za alsa mwaka mzima na wapi. Sasa kama yako yanapenya hadi mgongoni, yanazidi ukishakula hasa vitu vya mafuta, ukiinama mbele yanapungua kidogo na kilo zinaenda tu, muulize daktari kuhusu kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo kinachotoa enzaimu za kusaga chakula. Angalia choo pia, kama kinaelea, kinanuka kushinda kawaida na kina mafuta mafuta hadi ukimwaga maji kinabaki kimeshika, mwambie vile kilivyo, usione haya. Ultrasaundi yaweza isionyeshe kitu mwanzoni, ndio maana mara nyingi wanaitisha skani ya CT.

Ikishajulikana ni kongosho imevimba kwa muda mrefu, pombe unaacha kabisa, iwe chang'aa iwe bia, si kupunguza. Sigara pia, inaharibu kongosho hata kwa mtu asiyekunywa. Na jameni tusimwite kila mgonjwa mlevi, kuna wenye wamerithi na kuna wenye chanzo hakijulikani, hiyo aibu ndio inafanya watu wajifiche nyumbani wakikonda.

Halafu zile kapsuli za enzaimu unazopewa za kusaga chakula, kwa sababu kongosho haitoi za kutosha, hapa ndio pesa nyingi inapotea bure. Hazisaidii tumbo likiwa tupu, wala saa moja baada ya kula. Umekaa na ugali na ngege, meza na tonge la kwanza, na kama umeandikiwa zaidi ya moja zingine umeze katikati ya mlo. Tumia maji ya kawaida, si chai ya moto, joto linaziua, na usizitafune. Kwa jua letu usiziache kwa gari. Chai ya maziwa na mandazi pia inataka dozi yake, ndogo. Choo kikiendelea kuwa na mafuta rudi kliniki, huenda dozi ni ndogo.

Kula kidogo kidogo mara nyingi, samaki wa kuchemsha kuliko wa kukaanga, lakini usikate mafuta yote kama ushakonda.

Kongosho ndiyo inatoa insulini, kwa hivyo pima sukari angalau kila mwaka. Ukiwekwa kwa insulini usiruke mlo, sukari inaweza kushuka ghafla sana.

Macho yakiwa manjano, homa ikipanda, ukitapika bila kukoma ama maumivu yakikataa dawa, usingoje asubuhi, nenda Russia, yaani hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, usiku huo huo, na kama uko Nakuru, PGH, ile hospitali kuu ya rufaa ya huko.