Kagua bastola mpya kabla ya kusaini
Nchini Marekani, tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa haina mamlaka juu ya bunduki, kwa hiyo bastola yenye kasoro hurudishwa kiwandani kwa hiari ya mtengenezaji, na mzigo wa kufuatilia humwangukia mnunuzi. Mwaka 2014 kampuni ya Remington iliwaita wanunuzi wote wa bastola yake mpya, R51, wazirudishe, miezi michache tu baada ya kuitangaza. Upya wa bastola, basi, si dhamana.

Muuzaji akishathibitisha mbele yako kwamba chemba (sehemu inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa) na magazini (kibebeo cha risasi) ni tupu, omba aifungue bastola na umulike mtutu kutokea nyuma, ukitazama chembe za chuma zilizobaki kiwandani na mafuta mazito ya kuzuia kutu, ambayo lazima yafutwe kabla ya risasi ya kwanza. Tikisa kidogo kilengeo cha mbele, kile kijiti cha kulengea kilicho juu ya mtutu. Kikicheza, omba bastola nyingine. Hakikisha pia magazini inadondoka yenyewe ukibonyeza kitufe chake.

Nyumbani, linganisha namba iliyochongwa kwenye bastola na matangazo ya mtengenezaji, na usiibebe kwa kujilinda kabla hujaijaribu kwenye uwanja wa kulenga shabaha kwa risasi zilezile utakazozitumia.