Karatasi ya kutazamia jua: kuichagua, kuifunga na kupiga picha

Tarehe 1 Septemba 2016, siku ya kupatwa kwa jua, nilikuwa Rujewa, Mbarali, mkoani Mbeya, katikati ya umati uliofika kuona mwezi ukilifunika jua katikati na kuliacha likigeuka pete. Kila mtu alikuja na chake: kipande cha chupa kilichofukizwa moshi wa kibatari, picha ya eksirei ya kifua cha babu, miwani nyeusi ya mtumba, CD mbili zilizobanwa pamoja. Pete ilikaa dakika kama tatu, na kwa dakika zote hizo niliona watu wakiinua vifaa hivyo usoni bila wasiwasi, kwa sababu vilikuwa vyeusi.

Hapo ndipo tunapokosea. Kitu kikiwa cheusi tunadhani kimezuia jua. Lakini jua linaleta pia mionzi ya joto ambayo jicho halioni, na eksirei au masizi yanaweza kupunguza mwanga huku yakiiachia mionzi hiyo ipite. Mboni ikiona giza inapanuka na kuikaribisha zaidi. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, haina neva ya maumivu. Inaungua kimya kimya, nawe unagundua baadaye unapoona doa katikati ya kila unachokitazama.

Hatua ya kwanza: tafuta namba, usitafute weusi

Karatasi za kweli za kuchujia jua huandikwa densiti yake, yaani kipimo cha jinsi zinavyozuia mwanga. Namba mbili ndizo utakazokutana nazo: 5 na 3.8.

Densiti 5 inapitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya laki moja. Hiyo ni ya macho. Densiti 3.8 inapitisha karibu mara kumi na sita zaidi ya hiyo, na imetengenezwa kwa ajili ya kamera peke yake. Nimekutana na watu walionunua ya 3.8 kwa kuwa muuzaji aliwaambia "inaonyesha vizuri zaidi". Inaonyesha vizuri kwenye kamera, ndiyo. Jicho usiliweke hapo. Kama unanunua karatasi moja ya kufanyia kila kitu, chukua 5, maana kamera nayo inaitumia bila shida.

Kwa miwani ya karatasi ya kuvaa, tafuta maandishi ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha vifaa vya kutazamia jua, pamoja na jina la mtengenezaji. Maandishi peke yake yanaweza kughushiwa, kwa hiyo ivae ndani ya nyumba kwanza. Ukiiona taa ya kawaida, meza au uso wa mwenzako, hiyo si miwani ya jua. Ya kweli inakuacha gizani totoro mpaka ulielekee jua lenyewe.

Hatua ya pili: rangi

Hii ni ya ladha tu. Karatasi ya rangi ya fedha kama AstroSolar ya kampuni ya Baader inatoa jua jeupe, na madoa meusi ya usoni mwa jua yanakatika vizuri. Polima nyeusi, ile ya plastiki, inatoa jua la rangi ya chungwa, ambalo wanafunzi wangu wanalipenda kwa sababu "linafanana na jua". Mimi ni wa jeupe.

Hatua ya tatu: kuifunga mbele

Mbele, kule mwanga unakoingilia. Kamwe isiwe nyuma karibu na jicho, kwa maana darubini ikishakusanya mwanga mahali pamoja, karatasi au kioo kilichopo hapo kinaweza kupasuka au kuungua papo hapo, na jicho lako ndilo linalofuata. Kwa sababu hiyohiyo, usivae miwani ya karatasi kisha ukachungulia kwenye darubini isiyofungwa kitu.

Kata pete mbili za boksi gumu, bandika karatasi katikati kwa gundi ya pande mbili, kisha viringisha ukanda wa boksi uwe kofia inayobana mdomo wa darubini au lenzi. Usiivute karatasi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Mikunjo midogo haiharibu picha, bali kuivuta ndiko kunakoharibu. Karatasi ya ukubwa wa A4 inatosha lenzi ya kamera, na kinachobaki unatengenezea darubini ya macho mawili, lakini pande zote mbili zifungwe.

Sasa upepo. Agosti moja, Uyole, niliweka kofia yangu bila kuifunga kamba kwa kuwa "inabana vizuri". Upepo ule wa kiangazi, mnaujua. Mwanafunzi alikuwa ameshainama kuelekea kwenye kioo cha kuchungulia cha darubini, nami nikasikia kofia ikigonga chini. Nilimvuta kwa kola ya shati. Tangu siku hiyo nafunga selotepu sehemu tatu, kila mara, hata kukiwa shwari. Na ile darubini ndogo ya pembeni ya kulengea, ifunike au ing'oe kabisa.

Kabla ya kila matumizi elekeza karatasi kwenye taa kali ukague matundu. Ikiwa na mkwaruzo au tundu, mimi naitupa. Bei ya karatasi haifiki bei ya jicho. Vumbi lipulize, usifute kwa kanga.

Hatua ya nne: picha

Ukubwa wa jua kwenye picha unaupata kwa kugawa urefu wa fokasi ya lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, kwa 109. Lenzi ya milimita 300 inakupa jua la milimita 2.8 kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachonasa picha, dogo lakini linatosha kuonyesha limemegwa. Milimita 600 inakupa 5.5, na hapo madoa makubwa yanaonekana.

Kwa karatasi ya densiti 5 anza na ISO 100 (hii ni ya kamera, wepesi wake wa kunasa mwanga, si ile ya miwani), f/8 (uwazi wa lenzi), na shata 1/500 ya sekunde. Piga, angalia, ongeza au punguza. Fokasi iwe ya mkono, ukilenga ukingo wa jua au doa, na utumie kioo cha nyuma cha kamera badala ya kitundu cha kuchungulia. Asubuhi kati ya saa mbili na saa nne ndiyo bora huku kwetu: ardhi haijapata moto, hewa haichezi. Septemba na Oktoba moshi wa mashamba yanayochomwa unaharibu ukali wa picha, na haukupi ruhusa ya kuvua karatasi.

Maswali niliyoulizwa

*Mwalimu, shikamoo. Niko Mafinga. Fundi wa kuchomelea hapa jirani ana kioo cheusi, kinafaa?*

Marahaba, mwanangu. Soma namba iliyochapwa kwenye kona. Ikiwa 14, kinafaa kwa kutazama kwa macho matupu, na jua litakuwa la kijani. Mafundi wengi wanatumia 10 au 11, na hicho usikiguse. Kisichokuwa na namba pia kirudishe.

*Kaka, mimi napiga harusi Iringa. Nina kichujio cha ND1000, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga kwenye lenzi, nilichonunua kwa ajili ya maporomoko ya maji. Siwezi kutumia hicho?*

Hapana, ndugu yangu. Hicho kinapitisha moja ya elfu, na sisi tunataka moja ya laki. Tofauti ni mara mia. Sensa inaweza kuungua, na ukichungulia kwenye kitundu cha kamera, jicho nalo.

*Niko Tukuyu. Miwani ya 2016 bado ninayo kabatini, watoto wanaweza kuitumia?*

Tukuyu, dada, na mawingu yenu hayo, kwanza mlione jua lenyewe! Ikague kwenye taa: ikiwa haina tundu, mkunjo uliochanika wala sehemu iliyobanduka, na ina ile namba ya ISO, bado ni nzima. Ukiwa na shaka yoyote, ikate. Usiiache izagae, mtoto ataiokota.

*Wakati ule wa pete si jua limefunikwa? Kwa nini tusivue?*

Kwa sababu pete yenyewe ni jua. Unaruhusiwa kuvua pale tu linapofunikwa lote, kama litakavyokuwa Luxor, Misri, tarehe 2 Agosti 2027. Sisi huku siku hiyo litamegwa upande tu, kwa hiyo hakuna sekunde hata moja ya kuvua.

*Niko Vwawa, karatasi sijaipata popote. Nifanyeje?*

Toboa tundu la pini kwenye boksi, lipe jua mgongo, na uache mwanga upite uangukie kwenye karatasi nyeupe. Utaona kijua kidogo kikimegwa. Au simama chini ya mwembe utazame ardhini: kila upenyo kati ya majani unatoa kijua chake, mamia kwa mara moja. Rujewa nilipiga picha moja tu nzuri siku ile, na ilikuwa ya vumbi chini ya mti.