Kabla Hujalipia Kitabu cha Mtihani wa Leseni, Fungua Ukurasa wa Malaria Kali

Nikiwa daktari tarajali hapa Mbeya nilinunua kitabu cha marudio kwa sababu moja tu: muuza steshenari aliniambia, "Dokta, hiki ndicho wanachosoma wenzako wote." Kilikuwa kopi iliyofungwa kwa springi, nene kama tofali. Nilikisoma Juni nzima usiku, nimejifunika blanketi hadi mabegani, baridi ya Mbeya mnaijua. Mwisho wa mwezi nikafika kwenye malaria kali: dawa ya kwanza, kwinini ya mshipa. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimemwandikia mtoto artesunate wodini, dawa iliyochukua nafasi ya kwinini. Nikageuza kurasa za mbele kutafuta mwaka wa toleo. Ukurasa huo haukuwemo.

Tangu hapo sinunui kitabu kabla sijakipima. Napima hivi.

Hatua ya 1: Ujue mtihani kwanza

Kitabu cha USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, hakikuandai vizuri kwa PLAB, ule wa Uingereza, hata kama moyo na figo ni vilevile. Sehemu ya kwanza ya PLAB ni maswali 180 kwa saa 3, yaani dakika moja kwa swali. Step 1, sehemu ya kwanza ya USMLE, inakupa kama dakika moja na nusu, lakini maelezo ya mgonjwa ni marefu, na sisi tuliozoea kujieleza kwenye karatasi tunachelewa kusoma kabla hata ya kufikiri. Pakua orodha ya mada kutoka tovuti ya watahini wenyewe, ni bure, kaa nayo dukani.

Mtego mdogo wa kumpima muuzaji: Step 1 imekuwa ya kufaulu au kufeli tu tangu Januari 2022, na mtihani wa wagonjwa wa kuigiza, Step 2 CS, ulifutwa rasmi Januari 2021. Kitabu kinachokufundisha kupandisha alama za Step 1, au kinachokuandaa kwa CS, kimepitwa na wakati. Kirudishe rafuni.

Hatua ya 2: Fungua kurasa tatu unazozijua kutoka wodini

Usisome utangulizi, huo umeandikwa kukuuzia. Nenda kwenye mambo uliyoyafanya kwa mikono yako.

Kwanza malaria kali. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesunate kwa watu wazima mwaka 2006, na kwa watoto mwaka 2011, baada ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, yetu ikiwemo. Kitabu kizuri kitakwenda mbali zaidi: mtoto wa chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo, wengine 2.4, saa ya 0, ya 12 na ya 24. Wamarekani walichelewa kidogo, mamlaka yao ya dawa iliidhinisha artesunate ya sindano mwaka 2020.

Pili presha. Tangu 2017 mwongozo wa Marekani unaanza kuiita presha ya juu kwenye 130/80; Waingereza wamebaki kwenye 140/90 ya kliniki. Ukurasa huu haukuambii kitabu ni kibaya au kizuri, unakuambia ni cha mtihani upi.

Tatu, na huu ndio ninaoupenda, kifafa cha mimba. Tafuta swali la mama wa wiki 34, presha 170/110, amedegedeka mapokezi. Machaguo: diazepamu, fenitoini, hidralazini, magnesiamu salfeti. Jibu kila aliyepita wodi ya wazazi analijua. Angalia maelezo. Kitabu dhaifu kitaandika "jibu ni D" na kusonga mbele. Kitabu cha kununua kitakueleza kwamba diazepamu inaweza kukatisha degedege lakini magnesiamu ilizishinda diazepamu na fenitoini katika kuzuia lisirudi, kwenye utafiti wa 1995. Kwamba hidralazini inashughulikia presha, si degedege. Kisha kitakukumbusha kupima kama goti linaruka ukiligonga, pumzi na mkojo kabla ya dozi inayofuata. Majibu ya uongo yakielezwa vizuri, swali moja linakufundisha manne.

Hatua ya 3: Lugha ya dawa na vipimo

Adrenalini yetu kwao Marekani ni epinefrini, salbutamoli ni albuteroli, parasetamoli ni asetaminofeni, pethidini ni meperidini. Sukari ya 7.0 uliyozoea wao wanaiandika 126. Gawanya namba yao kwa 18. Jedwali la namna hii bandika mlangoni, wiki moja linatosha.

Kuhusu kopi: sikuhubirii. Ila upele, retina na slaidi za damu zikitolewa kopi nyeusi na nyeupe ni doa tu. Na hata kwenye kitabu halisi chunguza kama kuna ngozi nyeusi hata moja. Wapo wenzetu wanaoujua upele mwekundu wa kitabuni lakini hawautambui kwa mgonjwa wa Uyole.

Hatua ya 4: Kimoja, pamoja na benki ya maswali

Kitabu kimoja cha marudio. Sio vitatu. Ukiona somo halikuingii kabisa, rudi kwenye kitabu cha kiada au madesa ya chuo kwa sura hiyo tu, kisha toka. Fedha iliyobaki weka kwenye benki ya maswali ya mtandaoni, na usiiwashe siku unayolipia. Siku zinaanza kuhesabiwa pale unapoiwasha, na ukiwa kwenye mzunguko wa upasuaji, zamu usiku, umeme unakatika, utajikuta umemaliza miezi mitatu na maswali mia. Subiri likizo.

Hatua ya 5: Kichafue

Kila swali ulilokosa, tafuta ukurasa wake, andika pembeni kwa penseli kilichokudanganya, sio jibu sahihi. Changu, ukurasa wa potasiamu una maandishi yangu mara nne: "umesahau ECG," yaani kipimo cha umeme wa moyo. Mara ya tano sikusahau.

Na mwenzako akikuomba akiazime, mpeleke dukani mkachague chake.