Kufikisha shauri la kampuni changa Mahakama ya Rufani ya Tanzania: hesabu ya siku

Juzi wakili mwenzangu aliyefungua ofisi yake karibuni, wateja wake wengi wakiwa kampuni changa, alinipigia simu usiku. Mteja wake ameshindwa shauri la madai Mahakama Kuu na anataka kukata rufaa. Nilimwelekeza hivi.

Hatua ya 1. Wasilisha notisi ya rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Mjibu rufaa apewe nakala ndani ya siku 14.

Hatua ya 2. Siku hiyohiyo, andika barua kwa Msajili kuomba nakala za mwenendo wa shauri (rekodi ya yaliyosemwa na kufanyika mahakamani), hukumu na tuzo (hati ya amri itokanayo na hukumu). Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinakupa siku 60 tangu notisi ilipowasilishwa uwe umefungua rufaa, na mara nyingi mwenendo hauwi tayari kwa muda huo. Siku za kusubiri nakala huondolewa kwenye hesabu, ila kwa masharti: barua iwe imepelekwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mpinzani awe amepewa nakala ya barua hiyo. Kumwomba karani kwa mdomo hakuhesabiki. Mimi sikubali kuondoka bila mhuri wa masijala na saini ya wakili wa upande wa pili kwenye nakala yangu. Siku 90 tangu barua zikipita hujaitwa kuchukua nakala, usikae kungoja: una siku 14 za kwenda kufuatilia.

Hatua ya 3. Cheti cha ucheleweshaji. Hiki hutolewa na Msajili, na ndicho kinachothibitisha siku zilizoondolewa, na hapa ndipo nilipoumia. Tulikuwa tunawatetea vijana wawili wenye programu ya malipo. Barua yetu ilipigwa mhuri tarehe 3, cheti kikaandikwa tarehe 13. Nilikipokea, nikakiweka kwenye jalada bila kukisoma neno kwa neno. Mbele ya majaji, tarehe hiyo moja ilitosha kukibatilisha cheti, na bila cheti rufaa ilikuwa nje ya muda. Ikaondolewa. Tulianza upya kwa maombi ya kuongezewa muda, na wale vijana wakangoja miezi mingi kwa kosa ambalo ningeligundua kwa dakika tano.

Kwa hiyo kisome ukiwa bado masijala, barua mkononi. Namba ya shauri ni ileile? Majina ya wadaawa yameandikwa kama kwenye hukumu? Siku zinaanzia tarehe ya barua, si ya hukumu wala ya notisi? Zinaishia siku uliyoarifiwa kwamba nakala ziko tayari? Ukikuta kosa, kirudishe hapohapo kirekebishwe. Kisha zihesabu zile siku 60 kwenye kalenda ya karatasi, watu wawili, kila mmoja peke yake. Programu za kukumbusha siziamini kwa kazi hii.

Hatua ya 4. Andaa kumbukumbu za rufaa (kitabu cha nyaraka za shauri) na hati ya sababu za rufaa. Sababu ziwe fupi, zenye namba, bila hoja wala simulizi.

Hatua ya 5. Mweleze mteja mapema kwamba notisi ya rufaa haizuii utekelezaji wa hukumu. Akaunti ya kampuni changa ikishikwa, mishahara inasimama mwezi huohuo. Ukipokea taarifa ya utekelezaji, una siku 14 za kuomba zuio, na Mahakama itataka dhamana. Wenye kampuni waanze kuitafuta dhamana hiyo siku mnayowasilisha notisi.